Tumbo la Wingu

Dar es Salaam,
14 Februari 1999

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mpe na mama shikamoo yake, mwambie na zile nyingine anazonidai tangu Krismasi nitazileta mwenyewe. Mimi ni mzima, joto la Dar tu ndilo linalonikausha. Ninyi hamjambo huko? Zabibu zimeshikaje mwaka huu? Na kipima mvua chako, bado unakiamkia asubuhi kabla hujamwamkia mama?

Baba, leo nina shida ya kazi na ni wewe tu wa kuitatua. Nilikuambia kwamba ofisi ya Bwana Masudi imenunua kompyuta mpya. Si ile ninayochapia kadi za harusi. Hii unaiambia milima ikae wapi na jua liwe upande gani, nayo inachora nchi nzima utadhani ni picha ya kamera, kumbe hakuna mtu aliyesimama pale. Inatumia siku nzima kwa picha moja, na umeme ukikatika tunaanza upya.

Sasa kuna kampuni ya mvinyo inataka kalenda ya mwaka 2000, shamba la zabibu la Dodoma chini ya mawingu ya masika. Picha walizonazo zilipigwa Agosti, mbingu nyeupe tupu. Bwana Masudi kawaahidi kwamba nchi na mbingu vyote vitatoka kwenye kompyuta, na kazi kanipa mimi kwa sababu ni Mgogo. Nikiiweza, kiti cha kompyuta ni changu. Nikishindwa, narudi kwenye kadi za harusi, na Bwana Masudi hatazami mtu mara mbili.

Milima imekubali, mizabibu imekubali, mawingu yamegoma. Nayaona hayafanani na ya kwetu lakini sijui kasoro ni nini. Wewe umeyahesabu mawingu ya Hombolo miaka ishirini na sita pale kituo cha hali ya hewa. Nimeweka picha humu ndani. Itazame, unisute bila huruma.

Binti yako,
Elieth


Hombolo,
1 Machi 1999

Mwanangu Elieth,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako anasema shikamoo ikilala inazaa, kwa hiyo deni limekua. Zabibu zimeshika vizuri, ndege wanazila vizuri zaidi.

Picha nimeitoa nje juani, maana ndani siku hizi hakuonekani kitu. Mafuta ya taa ya hili soko huria yamechanganywa na maji, utambi unawaka kwa kununa. Betri za tochi nazo zinakufa siku ya pili. Nilinunua miwani mnadani, muuzaji akaapa kwamba ni ya Ujerumani. Nikivaa sioni, nikivua sioni, tofauti ni ile pesa tu.

Umesema nikusute. Mawingu yako yamevimba kila upande kama maandazi kwenye mafuta. Wingu la mchana haliumuki chini. Juu linaumuka, chini ni bapa, na yote yanakuwa bapa kwa kimo kimoja, utadhani yameegeshwa juu ya kioo kimoja kikubwa. Tena yako ya mbali yana ukubwa sawa na ya karibu. Ya mbali yapunguze, yabane, hata kule mwisho wa macho yawe mistari mitupu.

Hayo nakupa kwa kumbukumbu, na kwetu kituoni kumbukumbu ilikuwa kosa la kufukuzwa kazi. Hakuna kuandika anga ukiwa umeketi ndani. Unatoka, unatazama, ndipo unaandika, hata kama jana na juzi ilikuwa vilevile. Basi nimetoka saa tisa hii nikutazamie. Andika: wingu halina ukingo, linayeyukia angani. Anga lina rangi ya chai ya maziwa. Jua lina duara pana la mwanga pembeni yake. Zamani haikuwa hivi, nakiri, kingo zilikuwa kali. Nadhani ile mvua ya El Nino ya mwaka juzi ndiyo iliyoharibu anga. Wewe chora lilivyo sasa.

Ni mimi baba yako,
Yoramu


Dar es Salaam,
20 Machi 1999

Mpendwa Baba,

Shikamoo tena, na mama pia, deni lipungue. Mimi ni mzima na nina furaha.

Baba, ule ubapa! Nilikata matumbo ya mawingu kwa kimo kimoja kama ulivyosema, nikayabana ya mbali, na kompyuta ilipomaliza nilijikuta nimesimama. Picha iliyokuwa bapa kama ukuta iliingia ndani kilomita arobaini. Bwana Masudi aliwaita mpaka watu wa duka la vitenge jirani waje watazame. Mmoja akauliza kama kule kuna baridi.

Kisha nikafuata sehemu ya pili ya barua yako. Nikafuta kingo, nikaweka chai ya maziwa, nikalizungushia jua duara. Hapo kukawa na mabishano. Bwana Masudi anasema sasa ni kama kutazama nje kupitia chupa ya mafuta ya taa. Nikamwambia baba yangu alikuwa mpima hali ya hewa tangu mimi sijazaliwa, na alitoka nje kutazama kabla ya kuandika. Akaguna, akarudi mezani kwake.

Watu wa mvinyo wanakuja mwisho wa Aprili. Nimeweka picha mpya humu. Niambie kama ndiyo, au nizidishe.

Binti yako,
Elieth


Hombolo,
11 Aprili 1999

Mwanangu Elieth,

Marahaba. Tu wazima. Samahani kwa herufi hizi kubwa, madaftari siku hizi yanachapwa mistari isiyoonekana.

Mwambie Bwana Masudi yeye ni mtu wa pwani, mbingu yake inaoga kila siku. Ya kwetu ina vumbi. Picha ni sawa. Duara la jua lizidishe kidogo.

Kipima mvua nimemwachia mama yako akisome, naye awe na kazi ya kitaalamu. Anasoma vizuri, isipokuwa anacheka sana. Juzi jioni nilimsalimia jirani yetu Kefa mbukwa ya Kigogo mara tatu pale kwenye njia ya kisimani, hakuitikia, nikamkasirikia nikamwambia maneno. Mama yako akanijia, akasema ni kichuguu. Tangu hapo kila akikipita anakiamkia shemeji.

Baba yako,
Yoramu


Dar es Salaam,
2 Mei 1999

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini mu wazima, na shemeji kichuguu pia.

Watu wa mvinyo walikuja. Walikuwa wastaarabu, hawakusema mengi, wametupa mpaka mwisho wa Julai tujaribu tena. Usihuzunike, bado niko kwenye kiti.

Nina ombi dogo. Humu kuna picha mbili za shamba lilelile na mawingu yaleyale. Nyuma ya moja nimeandika herufi A, nyuma ya nyingine B, ila tofauti yenyewe iko kwenye anga na mwanga. Zitoe nje mchana kweupe, uzilinganishe na mbingu ya Hombolo, uniambie ni ipi ya kwetu. Usimuulize mama. Nataka jicho lako peke yake.

Binti yako,
Elieth


Hombolo,
19 Mei 1999

Mwanangu Elieth,

Marahaba. Hatujambo.

Nimezitoa nje saa sita, nimezitazama mpaka shingo ikauma. Umenitumia picha moja mara mbili. Mwambie bosi wako karatasi nzuri hivi haichezewi, enzi zetu tuliandika nyuma na mbele. Kama kweli ulitaka kutuma ya pili, itume.

Baba yako,
Yoramu


Dar es Salaam,
30 Mei 1999

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii nimeichana mara nne. Ikisomeka kama ya mtoto asiye na adabu, jua kwamba zilizotangulia zilikuwa mbaya zaidi.

Baba, zile picha ni mbili. A ina anga la chai ya maziwa na duara la jua kama ulivyonielekeza. B nimeichora kutoka daftari lako la mwaka 1984, lile ulilonipa nilipoondoka. Tarehe tisa Machi, saa tisa alasiri, umeandika kwa mkono wako: mawingu sehemu tano kati ya nane, chini bapa, kingo kali, anga bluu ya sketi za shule. Nimezionyesha hizo picha kwa mlinzi, kwa mama ntilie, kwa mtoto wa miaka mitano. Kila mmoja anaziona mbili, na mtoto aliniambia A ni chafu.

Anga halikuharibika. Mafuta ya taa hayana maji, wala mistari ya daftari haijafutika. Ni macho yako, Baba. Nilimuuliza muuguzi mmoja hapa, akasema huenda ni mtoto wa jicho, na kwamba hutolewa kwa upasuaji. Mvumi pale wana madaktari wa macho, si safari ya kulala njiani.

Ninajua macho hayo ndiyo yaliyotulea. Kwa hiyo nakuuliza kikazi. Kipima mvua kikitoboka, uliwahi kuilaumu mvua? Ulikishusha ukakipeleka kuzibwa, na siku hiyo hukuandika kitu daftarini. Naogopa, Baba. Naogopa uanguke, na naogopa zaidi kwamba unakaa kwenye ukungu huku unatuambia kumekucha.

Nenda Mvumi. Nakuomba.

Binti yako anayekupenda,
Elieth


Dar es Salaam,
4 Julai 1999

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Wiki tano bila barua. Nimeenda posta mpaka yule mama wa dirishani ananiona kwa mbali anatikisa kichwa.

Kama nilikuvunjia heshima, naomba radhi, nimepiga magoti hapahapa nilipo. Lakini niliyoyasema siwezi kuyarudisha, kwa kuwa ni ya kweli, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba karani wa mvua hapunguzi hata milimita kwa ajili ya urafiki.

Habari za kazi: Bwana Masudi anaitaka B iende kwa watu wa mvinyo hivyohivyo. Wote wanaisifu. Mimi siridhiki. Mawingu ni mazuri, shamba ni zuri, ila kila kimoja kiko peke yake, utadhani mawingu ya wilaya nyingine yamekuja kututembelea. Nimesogeza jua mara kumi na moja. Nina siku ishirini na saba, na mtu ninayemtaka anitazamie hanijibu.

Niandikie hata mstari mmoja, hata kama ni wa kunigombeza.

Elieth wako


Mvumi,
16 Julai 1999

Mwanangu, mpimaji mwenzangu Elieth,

Marahaba, marahaba, marahaba. Nazihesabu zote. Mimi ni mzima, na nikisema mzima leo nina maana yake. Tazama mwandiko. Herufi zimerudi kimo chake, na ziko juu ya mistari.

Nianze na kosa langu. Barua yako ya mwisho wa Mei mama yako alinisomea, nami nilikasirika siku kumi. Sikukasirikia uongo, ungekuwa uongo ningecheka. Siku ya kumi na moja nikazitandika zile picha uani nikamwuliza mama yako, ngapi hizi? Akasema, mbili. Moja ya hapa, moja ya siku ya vumbi. Nikamwuliza tangu lini anajua. Akasema miaka miwili. Miaka miwili, Elieth, mwanamke yule anatangulia njiani kuondoa vigoda, mawe na ndoo, na mimi nikijisifu kwamba natembea vizuri. Nililia. Yeye akasema nisilie, machozi yatamsumbua daktari.

Tukaja Mvumi. Nesi mmoja anaitwa Loisi akanishika mkono kunipeleka chumbani, nikamwambia njia naijua, nikaingia stoo ya mashuka. Wamepasua jicho la kulia kwanza, la kushoto mwezi ujao. Kesho yake wakafungua bandeji. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mkono wa saa ya Loisi, ule mwembamba wa sekunde, unatembea. Cha pili ni bluu. Niliuliza ukuta wameupaka rangi lini, wakasema huo ni mlango wazi, Mzee, hiyo ni mbingu. Elieth, nilikuwa nimesahau. Nilidhani nakumbuka bluu, kumbe nilikuwa nakumbuka jina lake tu. Niliketi pale mlangoni mpaka chakula kikapoa, na sikuona aibu.

El Nino nimeiomba radhi. Mafuta ya taa nimeyasamehe. Miwani ya mnadani sijaisamehe, muuzaji yule nitamtafuta, na sasa nitamtambua kwa mbali.

Barua yako ya tarehe nne Kefa ameniletea jana. Sasa nisikilize, kazi ni kazi. Picha A ichome. B ni nzuri sana, kingo zake ni za mtu aliyefundishwa. Lakini umesema kweli, kuna kasoro, nami sikutaka kukujibu kwa kumbukumbu. Leo kuna vipande vya wingu vichache, sehemu moja kati ya nane, nimevifuata kwa jicho hili moja tangu saa nne mpaka saa nane na Loisi ananifukuza juani. Andika.

Kwanza, matumbo ya mawingu yako ni ya kijivu, kana kwamba chini yake kuna bahari. Kuna wapi bahari huku? Chini kuna udongo mwekundu. Jua likiupiga udongo wetu, udongo haulali nao ule mwanga, unaurusha juu, na tumbo la wingu linaupokea. Lina wekundu kidogo, kidogo sana, kama shavu la mtu aliyekaa karibu na moto. Likipita juu ya shamba lililolimwa wekundu unazidi, likipita juu ya majani unapungua. Nimekiona kipande kimoja kikibadilika mbele yangu.

Pili, mawingu yako hayana vivuli chini. Kila wingu liangushe kivuli chake shambani, mzabibu mmoja gizani, wa jirani yake juani. Ndipo mbingu na nchi vitajuana.

Naituma kwa basi la leo, posta itachelewa. Konda ameapa kukufikishia mkononi. Nimemtazama usoni vizuri, anafaa.

Baba yako mwenye jicho moja na nusu,
Yoramu


Dar es Salaam,
15 Agosti 1999

Baba yangu, jicho langu,

Shikamoo. Konda alifika. Nilisoma barua yako nimesimama kaunta, mteja wa kadi za harusi akadhani nimefiwa, akanipa leso. Nikamwambia hapana, baba yangu ameona mkono wa sekunde. Hakuelewa, lakini aliniachia leso.

Nilitia wekundu kwenye matumbo. Mara ya kwanza nikazidisha, mawingu yakaungua. Nikapunguza, nikapunguza, mpaka ukawa hauonekani ukiutafuta ila ukiuondoa unaukosa. Nikaangusha vivuli. Kompyuta ilichora kutwa nzima, na siku ile umeme haukukatika, Bwana Masudi anadai ni kwa sababu alikuwa amefunga saumu.

Watu wa mvinyo wakaja. Mmoja wao, Bwana Bartolomayo, ni mzaliwa wa Kongwa, ameishi hapa miaka thelathini. Aliinamia picha muda mrefu mpaka nikaanza kukumbuka bei ya kadi. Kisha akauliza mpiga picha alisimama wapi. Nikamwambia hakusimama mtu. Akasema, binti, usinitanie, mimi nimesimama hapo.

Kalenda elfu mbili zinachapwa. Kiti ni changu. Bwana Masudi ameweka jina langu mlangoni na kwa kuwa ni yeye, akakosea akaandika Elizabethi, kesho wanabadilisha. Humu kuna nakala ya kwanza, haijakatwa pembeni.

Jicho la kushoto je? Nimepewa likizo mwisho wa Septemba, nauliza kama kuna mtu huko ana nafasi ya mgeni.

Binti yako,
Elieth


Hombolo,
6 Septemba 1999

Mwanangu Elieth,

Marahaba. La kushoto limepasuliwa wiki mbili zilizopita, na sasa mama yako analalamika kwamba namtazama sana. Anasema nimemkuta mzee. Nimemwambia nimemkuta.

Kalenda tumeitundika sebuleni, ingawa mwaka wake haujafika. Majirani wanaingia mmoja mmoja. Kefa aliitazama kwa muda, akatoka nje, akatazama juu, akarudi ndani, akaketi bila kusema kitu. Kwa Kefa hiyo ni hotuba. Kipima mvua nimekirudisha mikononi mwangu, ila mama yako ameshaizoea kazi na hataki kustaafu, kwa hiyo tunasoma wawili na tunabishana.

Unauliza nafasi ya mgeni. Nikwambie jambo ambalo sikumwambia mtu. Ile siku nilipokusindikiza stendi ya Dodoma, ulipokuja mara ya mwisho, basi lilipoondoka nililipungia mkono lote, kuanzia dirisha la dereva mpaka la nyuma kabisa, polepole, nisiruke hata moja. Watu walidhani ni mapenzi yamenizidi. Yalikuwepo, lakini zaidi ni kwamba sikujua ulikaa wapi. Nilipiga hesabu kwamba nikiyapungia yote, mojawapo litakuwa lako.

Njoo, mwanangu. Nitakuwa stendi tangu saa sita. Kaa dirisha lolote unalolitaka.

Baba yako,
Yoramu